Treni inapita pembeni ya eapoti, abiria anachungulia dirishani

Kuna jamaa nilipanda naye SGR, treni ya umeme, kutoka Dodoma, tumekaa siti za kutazamana, ana begi kubwa jeusi kalifunga kamba ya manila katikati, jingine dogo kalipakata, na pasipoti imechomoza kwenye mfuko wa shati, kila akiinama anaigusa kuhakikisha ipo. Anaenda Muscat, kuna ndugu yake kamtafutia kazi ya udereva. Ndege yake usiku. Tumepiga stori toka Igandu mpaka Soga, mpira, bei ya mahindi, mambo ya viza, na tulipoanza kuingia Dar maeneo ya Banana na Karakata ikapita ndege juu imeshusha magurudumu, iko chini kiasi kwamba maandishi ya ubavuni unayasoma. Jamaa akaegemea dirisha. "Ndo pale eh?" Nikamwambia ndo pale, ng'ambo ya barabara. Akasema sasa si wanishushe hapahapa nitembee. Watu wa siti za jirani wote wakacheka.

Hakushushwa bila shaka. Treni ikaenda mpaka Stesheni ya Magufuli mjini, akashuka na manila yake, akatoka nje akazungukwa na madereva, wakapatana, akaanza safari ya kurudi kulekule alikotoka, kilomita kama 12 hivi, ndani ya foleni ya Nyerere Road ya jioni. Baadaye alinitumia meseji kwamba kutoka stesheni mpaka Terminal 3 alikaa saa moja na dakika arobaini. Kutoka Dodoma mpaka Dar tulitumia masaa matatu na nusu na ushee. Sasa piga hesabu mwenyewe, zaidi ya kilomita mia nne masaa matatu na kitu, halafu kilomita 12 karibu nusu ya muda huohuo, na hizo kilomita 12 alikuwa ameshazipita kwa treni dakika chache nyuma.

Toka SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 mjadala wetu umekuwa mmoja tu, treni inaua ndege au haiui. Mi naona tunauliza swali la kando. Mtu wa kawaida hakai akachagua kati ya treni na ndege kama anavyochagua kati ya Simba na Yanga, anachagua safari yake nzima kutoka mlangoni kwake mpaka mlango anaoenda, na mara nyingi kinachoamua sio kile kipande kirefu cha katikati, ni kile kifupi cha mwisho ambacho hakuna waziri anayekata utepe wake.

Anza na anayeishia Dar. Huyu hesabu yake nyepesi. Treni ya kawaida Dodoma mpaka Dar ilianza na nauli ya elfu 31, ya haraka elfu 40, ukitaka daraja la biashara elfu 70, na yale mabehewa ya kifalme laki na ishirini. Ndege hewani ni kama saa moja, sawa, ila ongeza kuwahi uwanjani, ongeza kusubiri begi, ongeza Nyerere Road kuja mjini, ukijumlisha unakuta umeokoa saa moja au hata hiyo hujaiokoa. Kwa hiyo huyu ameshahamia kwenye treni, na kama bado anapanda ndege basi uwezekano mkubwa nauli halipi yeye, inalipa ofisi. (Hilo nalo mngelichambua siku moja, maana Dar na Dodoma ni njia ya watu wa safari za kikazi, na mtu asiyelipa nauli yake hashindani kwenye soko moja na mimi na wewe.)

Mwenye kazi ngumu ni yule jamaa wa Muscat. Anaunganisha. Dar kwake sio mwisho wa safari, Dar ni mlango wa kutokea. Na huyu hata kama treni ina bei nzuri, hata kama ina kasi ya kilomita 160 kwa saa na viyoyozi na soketi ya kuchajia simu, ukimwekea foleni ya jioni katikati ya treni na ndege yake basi atafanya moja kati ya mambo matatu: aje siku moja kabla alale gesti Kariakoo, au apande ndege ya ndani Dodoma hadi Dar ashukie palepale uwanjani, au acheze kamari kama alivyofanya jamaa. Mwenye hela anachagua la pili, asiye nayo anachagua la kwanza, na la tatu ni la wenye moyo.

Cha kuchekesha ni kwamba uwanja wa Dar haujanyimwa reli, umekumbatiwa na reli pande zote mbili. Upande wa Nyerere Road inapita ya TRC, shirika la reli, ile ya zamani na sasa SGR, na treni ya Pugu ya wakazi wa jiji ilikuwa inasimama Karakata na Banana kabisa, watu wanashuka na vikapu vyao. Upande wa nyuma inapita TAZARA, Yombo, Kigilagila, Kipunguni, mitaa ambayo watu wake wamekaa miaka wakifuatilia fidia za kupisha uwanja upanuliwe. Terminal 3 imefunguliwa Agosti 2019, imejengwa kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka, SGR kipande cha Morogoro kilikuwa kinajengwa wakati huohuo, mafundi wa huku wanaona kreni za kule. Miradi miwili mikubwa kuliko yote jijini, iko jirani, ya serikali ileile, na hakuna aliyeweka hata jukwaa moja la kushukia katikati yake.

Pugu ipo, kuna stesheni pale, na wajanja wameshaanza kuitumia, anapanda treni inayosimama Pugu anashuka anachukua bodaboda au bajaji anarudi kidogo mpaka uwanjani. Ila hiyo ni akili ya abiria, sio mpango wa mtu. Ukiwa na begi la kilo 30 na mama mzee pembeni hiyo akili haikusaidii. Wengine watasema mwendokasi wa Gongo la Mboto unapita mlangoni pa uwanja, unaanzia Gerezani karibu kabisa na stesheni, si utatosha? Kwenye ramani unatosha. Ila mtu aliyewahi kupanda mwendokasi wa Kimara saa kumi na mbili jioni hebu aniambie hilo begi la manila linaingilia mlango gani.

Wenzetu waliliona hili zamani, na waliliona kwa sababu ya hela, sio kwa sababu ya upole. Uwanja wa Frankfurt, Ujerumani, uliwekewa stesheni ya treni za kasi mwaka 1999, treni za masafa marefu zinasimama pale kama zinavyosimama mjini. Reli ya kasi ya kwenda Cologne ikafunguliwa 2002, safari ikawa chini ya saa moja, na Lufthansa ambao walikuwa wanarusha ndege kati ya miji hiyo miwili wakaiacha njia hiyo kabisa mwaka 2007. Walichofanya wakachukua namba ya ndege wakaibandika kwenye treni. Stesheni kuu ya Cologne ina herufi tatu kama uwanja wa ndege, QKL, ukikata tiketi ya kwenda New York unaanzia stesheni, behewa lina namba ya safari ya ndege. Brussels Midi nayo ni hivyohivyo, ZYR, kule Air France toka 2001 waliamua abiria wao wa Brussels wanaoenda kuunganisha Paris wapande treni mpaka ndani ya uwanja wa Charles de Gaulle, ambao una stesheni ya TGV chini yake toka 1994.

Angalia na sheria ya Ufaransa ya 2023, ile iliyovuma kwamba wamepiga marufuku ndege za ndani. Kilichopigwa marufuku kwenye vitendo ni njia tatu tu kutoka uwanja wa Orly, kwenda Bordeaux, Nantes na Lyon, kwa sababu treni inafika chini ya masaa mawili na nusu. Na abiria wa kuunganisha wakaachwa, ndege za kutoka Charles de Gaulle kwenda kwenye miji hiyo zinaruka kama kawaida. Wengi walisema sheria haina meno, na kweli meno yake ni ya maziwa, lakini mi nilichojifunza pale ni kwamba hata nchi yenye reli ya kasi kuliko wengi inakiri kwamba anayeishia mjini na anayeunganisha ni watu wawili tofauti, na huyu wa pili huwezi kumtoa kwenye ndege kwa amri, unamtoa kwa kumsogezea treni mpaka kaunta ya kukabidhi begi.

Na hapo kuna kitu kikubwa kuliko jukwaa, ni tiketi. Kule ukiwa na tiketi moja ya treni na ndege, treni ikichelewa sio msiba wako, wao wanakuhamishia ndege inayofuata. Hapa kwetu umeme umewahi kuisimamisha SGR njiani, watu wamekaa porini wanapiga video, na kama ulikuwa una ndege usiku huo basi ile nauli ya dola imeenda na hakuna wa kumlilia, TRC atakwambia nimekufikisha Dar, shirika la ndege litakwambia geti limefungwa. Kwa hiyo hata ukijenga stesheni ya dhahabu pale Karakata, mtu mwenye tiketi ya laki kumi na tano mfukoni bado ataogopa. Hofu ya kuachwa ndiyo inauza siti za ndege ya Dodoma, mi naamini hivyo, kuliko hata kasi.

Hili la tiketi ndo linaniuma maana kwetu lingekuwa rahisi kuliko kwa Wajerumani. Air Tanzania ya serikali, TRC ya serikali, mamlaka ya viwanja ya serikali, wote watatu wako chini ya wizara moja ya uchukuzi. Kule zilikuwa kampuni mbili zenye wenye hisa tofauti zinavutana miaka na bado zikakubaliana. Hapa ni suala la waheshimiwa watatu kuitwa kikao kimoja, chai, vitafunwa, wakatoka na makubaliano kwamba abiria wa ndege ya Air Tanzania ya kwenda Dubai au Guangzhou anaweza kununua siti ya treni ya Dodoma au Morogoro kwenye tiketi hiyohiyo. Haihitaji kokoto wala nondo.

Sasa nije kwenye viwanja vya mikoani, maana huku ndo patamu.

Dodoma inajengewa Msalato, kilomita kama 12 kutoka mjini, barabara ya kukimbilia ndege ya kilomita 3.6, hela ya Benki ya Maendeleo ya Afrika imo. Ni uwanja wa kimataifa kamili, ndege kubwa zitatua. Sina ugomvi na Msalato kama uwanja wa makao makuu, kile cha mjini kimebanwa na nyumba na rais wa nchi za watu huwezi kumshusha sehemu haina nafasi. Ugomvi wangu ni ile stori inayoambatana nayo, kwamba ukifunguliwa basi mtu wa Dodoma hatahitaji tena Dar, atapanda Dodoma mpaka Dubai moja kwa moja. Hapo mi nasita. Ndege kubwa inahitaji kujaa, tena kila siku au karibu kila siku, na wakazi wa kanda ya kati wanaoruka nje kwa siku sio wengi kiasi hicho, na wale waliopo treni inawafikisha Dar kwenye chaguo la mashirika kumi na kitu. Reli ukishaijenga ni mlango unaofunguka pande zote mbili, inaweza ikakuletea abiria na inaweza ikakunyonya walewale uliokuwa nao.

Leipzig ni mfano mzuri. Uwanja wao ulipata stesheni ya treni za masafa marefu ndani kabisa mwaka 2003, kila kitu kipo, paa la kioo, unashuka unaingia. Ukidhani utakua kama Frankfurt, wapi. Mtu wa Leipzig anayeenda mbali anapanda treni ileile anaenda zake Frankfurt au Berlin. Kilichokuja kuuinua ule uwanja ni mizigo, DHL wakahamishia kitovu chao pale 2008, vifurushi usiku kucha. Hawakupanga hivyo mwanzoni, ila walikubali walichonacho. Kassel wao walikuwa wabishi zaidi, wakafungua uwanja mpya 2013 kwa euro milioni 271, hauna stesheni ya reli, na wakati huohuo mjini kwao kuna treni ya kasi inayofika Frankfurt kwa muda wa mechi moja ya mpira. Nani apande Kassel? Kukapita vipindi ratiba ya uwanja iko tupu.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote uko Hispania, Ciudad Real, kusini ya Madrid. Wakajenga uwanja wa watu binafsi, zaidi ya euro bilioni moja, barabara ya ndege kilomita nne, ukafunguliwa mwishoni mwa 2008. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga hata kidogo: treni ya kasi ya Madrid kwenda Sevilla, iliyokuwepo toka 1992, inapita pembeni ya uwanja, kwa hiyo abiria wa Madrid atapanda treni chini ya saa moja, atashuka uwanjani, Madrid itakuwa na uwanja wa pili wa bei nafuu. Wakajenga mpaka daraja la watembea kwa miguu la kutoka jengo la abiria kuelekea relini. Treni haikuwahi kusimama. Stesheni haikukamilika, treni zikawa zinapita spidi mia mbili na ushee, abiria wanaona uwanja mtupu dirishani kama jamaa yangu wa Muscat alivyoona wa kwetu. Mwaka 2012 ukafungwa. Uliwahi kupigwa mnada mtu akafika bei ya euro elfu kumi. Elfu kumi, bei ya gari lililotumika.

Sasa wewe angalia Dodoma, stesheni ya SGR iko Mkonze, Msalato uko barabara ya Arusha, kaskazini huko. Hata hao wa Singida na Manyoni ambao reli ikifika kwao wangeweza kuwa abiria wa Msalato, watashuka Mkonze halafu wavuke mji mzima. Nani atafanya hivyo wakati anaweza akakaa kwenye siti ileile masaa matatu mengine akafika Dar? Mwanza ndo hivyohivyo inakuja, reli inaingilia upande wa Fela na Misungwi, kusini, uwanja uko Ilemela, kaskazini, na mji mzima na milima yake umekaa katikati. Kama kuna mtu yuko karibu na wanaochora ile ramani amwambie basi, bado kuna muda.

Kenya wametutangulia kwenye kosa hili hili. Stesheni ya Syokimau ya treni za jiji ilifunguliwa Novemba 2012, enzi za Kibaki, na wakati ule ule ilisemwa reli itasogezwa mpaka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Mwaka 2017 ikaja SGR ya Mombasa, kituo chake kikuu cha Nairobi kikawekwa hapohapo Syokimau. Kwa macho ya ramani ni jirani kabisa na uwanja. Nimeshuka pale saa mbili usiku, treni ya saa tisa alasiri kutoka Mombasa, nina ndege alfajiri. Kuna treni ndogo inawasubiri abiria iwapeleke mjini kati, nzuri tu, shilingi chache, ila inaelekea mjini, uwanja unabaki nyuma ya mgongo. Nje ni teksi. Dereva wa kwanza akaniambia elfu mbili, nikacheka, akaniambia "buda, ndege haingoji," na hapo ukweli alikuwa nao. Tukakubaliana elfu na mia mbili. Nauli ya treni ya kawaida Mombasa mpaka Nairobi, karibu kilomita 480, ni elfu moja na mia tano. Yaani kilomita chache za mwisho zilikaribia kuila nauli ya nchi nzima.

Halafu 2022 wakafungua barabara ya juu ya kulipia, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, ina mlango wa JKIA. Mwenye gari na hela ya tozo akapona. Huyu wa treni hajaguswa.

Na kule Mombasa, Miritini na uwanja wa Moi ni jirani vilevile, pande moja ya bara, hata kivuko huhitaji. Watu wanauliza nani atashuka treni Mombasa akapande ndege? Mtu wa Voi. Mtu wa Mtito Andei, wa Mariakani. Voi mpaka Mombasa ni kama kilomita 150, Nairobi ni mara mbili na zaidi. Dada wa Voi anayeenda kufanya kazi Dubai angeweza kuruka Mombasa, flydubai wanatua pale toka Januari 2024, lakini mawakala na mazoea vinampeleka JKIA. Wenye mahoteli wa Pwani miaka wanalilia anga ifunguliwe, mashirika ya nje yaruhusiwe zaidi Mombasa, na mi nawaunga mkono, ila wangelia pia na basi la dakika kumi na tano la kutoka Miritini mpaka uwanjani, linaloondoka kila treni inapoingia, lenye nauli iliyobandikwa mlangoni. Uwanja unapata abiria kwa kutanua eneo linaloufikia kirahisi, na treni ndiyo inatanua.

Arusha nao ni somo la peke yake. KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, upo toka 1971, katikati ya Arusha na Moshi, na bado kila asubuhi kuna shatoli, vile vibasi vya abiria, zinajaza watu Arusha zinawapeleka kupanda ndege JKIA, masaa matano au sita, mpaka wa Namanga katikati, mihuri miwili. Kwa nini? Tiketi Nairobi mara nyingi ni nafuu na ndege ni nyingi, lakini pia lile gari linakuchukua mjini na kukushusha mlangoni pa uwanja. Mlangoni, hapo ndo wanaposhindia. Wakati huohuo reli ya Moshi na Arusha, iliyofufuliwa 2020 baada ya kulala miaka mingi, inapita ukanda uleule wa KIA na hakuna anayeihusisha na mtalii wala na mwanafunzi anayeenda kusoma India. Shatoli ya watu binafsi imeielewa hii biashara kuliko reli na uwanja wakiwekwa pamoja.

Najua hoja za upande wa pili, nimezisikia na zingine zina uzito. Treni ya haraka ukiisimamisha kila kona sio ya haraka tena. Kweli, lakini kusimama kwa treni ya umeme ni dakika chache, na si lazima zisimame zote, wape hata zile za asubuhi na jioni zinazoendana na ndege za usiku. Abiria wa ndege ndani ya treni moja ni wachache. Kweli pia, leo ni wachache kwa sababu hakuna stesheni, huwezi kuhesabu wavukaji wa mto kwa kuangalia wanaoogelea. Na hoja ya gharama, hii ndo nzito, kujenga stesheni kwenye reli inayofanya kazi ni kazi ya usiku, ni ghali. Johannesburg walilitatua kwa kumtoza mwenyewe, Gautrain ilianza Juni 2010 siku chache kabla ya Kombe la Dunia, kutoka uwanja wa OR Tambo mpaka Sandton kama dakika kumi na tano, na nauli ya kituo cha uwanja wameipandisha juu kuliko vituo vingine. Watu wanalalamika, na wanapanda. Mi ningelipa elfu kumi ya ziada kushuka Karakata bila kununa, teksi ya jioni inakula zaidi ya hiyo.

Kuna sehemu moja SGR imeunganisha vizuri bila hata kukusudia, na inafurahisha. Stesheni ya Magufuli haiko mbali na bandari ya boti za Zanzibar. Mtu wa Dodoma au Moro anayeenda Unguja, ambaye zamani alikuwa wa ndege au wa basi la usiku, siku hizi anashuka treni, anachukua bajaji, anaingia boti, masaa mawili baadaye yuko Forodhani anakula urojo. Hakuna aliyeitangaza hiyo njia, watu wameigundua wenyewe kwa sababu kipande cha katikati ni kifupi. Wenye ndege ndogo za Zanzibar waulizwe kama hawajalihisi.

Wiki iliyopita mpwa wangu wa Dodoma kanitumia voisi, amepata nafasi ya masomo Uturuki, ndege inaondoka Dar saa tisa usiku. "Shikamoo mjomba, eti nishuke Pugu au niende mpaka mwisho?" Nikamuuliza ana mabegi mangapi. Mawili, na mama anasindikiza. Basi njooni mpaka mwisho, nikamwambia, treni ya asubuhi, mtashinda kwangu. Akiwa peke yake na begi la mgongoni ningemwambia Pugu.